Mfiwa wa Daraja la Tatu

Kila aliyepanda meli asubuhi ile alikuwa na mzigo wa kumweleza. Wenye mawese walikuwa na madumu yao, wenye dagaa walikuwa na viroba, na wale wasiobeba biashara walibeba machungwa na sabuni za kumpelekea mgonjwa. Yunisi peke yake alikuwa ametandika mkeka karibu na dirisha la daraja la tatu, miguu ameinyoosha mbele, na kando yake kikapu chenye mihogo ya kuchemsha, samaki aina ya migebuka wa kukaanga na chupa ya chai. Hakuwa na cha kuuza. Hakuwa na wa kumtazama. Alikuwa amepanda meli ili apande meli.

Jambo hilo, kwao, ni gumu kulieleza kwa mtu mzima mwenye akili zake. Watu wa Kigoma husafiri sana tu, lakini husafiri kwa sababu: kufiwa, kuuguza, kuuza, kuozesha. Kwenda mahali usikokuwa na mtu, ukatazama maji, kisha ukarudi, ni mambo ya wazungu wanaokwenda kuangalia sokwe. Hata wao wanasingiziwa kuwa wanatafuta madini.

Yunisi alikuwa ameitamani safari hiyo tangu akiwa msichana Ujiji, alipokuwa akiteka maji na kuiona meli ikipita kwa mbali bila kumjua. Akaolewa, akahamia Buzebazeba, akauza mawese Mwandiga miaka nenda rudi, na meli ikaendelea kupita. Mwaka huu kikundi chao cha akina mama kilipogawana akiba, wenzake walinunua mabati na magodoro. Yeye alisema atakwenda na meli mpaka Kasanga na kurudi nayo.

"Kasanga una nani?" wakamuuliza.

"Sina mtu."

"Sasa unaenda kufanya nini?"

"Kukaa."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja akaipa safari hiyo jina la utalii wa mihogo, na kwa kweli hakukosea sana. Yunisi alikuwa ameipanga kibahili: tiketi ya chini kabisa, chakula cha nyumbani, na kulala mlemle melini ili asitafute nyumba ya wageni. Hata soda hakuipangia. Alitaka siku chache tu ambazo hakuna mtu angemwangalia usoni na kutafuta habari.

Alikuwa ametaka waende wawili, yeye na mumewe. Mzee Thobias aliukataa mpango huo kabla haujaisha kutamkwa.

"Na mtoto akirudi akute mlango umefungwa?"

Mtoto huyo ni Nehemia, mwana wao wa pekee, aliyetoka Ilagala na wenzake kuvua dagaa kwa taa, upepo ukawakuta ziwani. Mtumbwi ulipatikana umepinduka. Wenzake walipatikana, mmoja baada ya mwingine, wakazikwa. Nehemia hakupatikana, na huu ulikuwa mwaka wa sita. Thobias alishikilia kwamba maji yalimvusha upande wa Kongo, akaokotwa, na siku moja angerudi kwa miguu yake. Wazee wa ukoo walipokuja kushauri uzikwe mgomba badala ya mwili, kama walivyofanyiwa wengine waliopotea, aliwafukuza na panga mkononi. Tangu hapo alikaa kwenye kiti mlangoni. Majirani wangempa nani pole, ilhali baba mwenyewe hajasema kuna msiba? Walipita, wakamwamkia, wakaenda zao. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kulia kwa sauti, na Yunisi, ambaye machozi yalimjaa mpaka kooni, alijifunza kuyameza akipepeta unga.

Usiku wa kuamkia safari Thobias alibadilika akawa mpole. Alimfungia mkeka mwenyewe.

"Nenda tu, mama Nehemia," alisema. "Lakini kila meli inaposimama, mitumbwi ikija kuchukua watu, angalia nyuso. Angalia moja moja. Nitakupigia."

Yunisi aliitikia, na moyoni akachukia. Aliona aibu kuchukia, lakini alichukia. Safari aliyoitunza maisha yake yote ilikuwa imegeuzwa kazi ya kutafuta, na ule ungojeaji aliotaka kuuacha nyumbani walau kwa siku chache alikuwa amefungiwa pamoja na mkeka.

Meli ilikuwa imeshaiacha bandari ya Kigoma alipofika mama mmoja mnene, jasho linamtiririka, akikokota viroba vya dagaa na kutukana kwa sauti ya kati wapagazi waliomwekea mzigo mahali pabaya. Jina lake Mwanvua, mfanyabiashara wa Ujiji, na kila mtu mle ndani alionekana kumjua.

"Mwakeye, mama. Sogea kidogo na mimi nikae," alisema, na kabla ya kujibiwa akawa ameshaegemeza kiroba kwenye mkeka wa Yunisi. "Unashukia wapi?"

"Kasanga."

"Mbali! Unafuata nini huko?"

Yunisi alimtazama mwanamke yule aliyechoka kwa kazi, akavitazama viroba vyake na mikono yake iliyochanika kwa kamba. Maneno ya kwamba anakwenda kukaa tu yalimshinda. Angeonekana mwenye raha, tena mbele ya watu wasiokuwa nayo.

"Kuna msiba," alisema.

Uso wa Mwanvua ulibadilika papo hapo. "Jamani! Pole, mama. Msiba wa nani?"

Alikuwa na ndugu wengi wa kuua kwa uongo mdogo kama huo. Shangazi angetosha, au binamu wa mbali. Alifungua kinywa amtaje shangazi.

"Wa mwanangu," akasema.

Mwanvua aliketi sakafuni kwa kishindo. Alivuta viroba vyake kando na kuvisukuma huko mlangoni bila kujali nani atavikanyaga, akavua viatu, akaifungua kanga ya mabegani na kujifunga kiunoni. Kisha akaangua kilio. Hakikuwa kilio cha kuigiza. Mwanamke aliyewahi kuzika mtoto hahitaji kufundishwa, na Mwanvua alikuwa amezika wawili.

Panapolia mtu mmoja, wengine huja kwanza ndipo wakauliza. Wakaja. Wanawake waliacha mananasi yao, wakaacha watoto kwa kaka zao, wakajibana kwenye mkeka na kuuzunguka. Wanaume waliokuwa wakicheza karata waliziweka chini na kuvua kofia. Fundi cherehani mmoja mwenye asili ya Kongo, Faustini, aliyekuwa akiimba peke yake tangu bandarini, alinyamaza na kusimama karibu.

"Yewe, mama, tulize moyo," alisema. "Mungu iko."

"Jina lake nani?" Mwanvua aliuliza katikati ya kilio. "Tumlilie kwa jina."

Hapo Yunisi angeweza bado kurudi nyuma. Angesema amekosea, angesema lolote, wangemwona kichaa, na basi. Lakini jina lile lilikuwa halijatoka mdomoni mwake mbele ya watu kwa miaka, kwa kuogopa asije akamuumiza Thobias.

"Nehemia."

"Marehemu Nehemia," Mwanvua aliitikia.

"Marehemu Nehemia," wakasema wengine.

Neno moja tu, ambalo watu huliweka mbele ya jina bila hata kufikiri. Yunisi alilisikia likikaa mahali pake, na kitu kikamkatika ndani. "Mwana wanje!" alipiga ukelele. "Mwana wanje, weee!" Alilia kama ambavyo angelia siku mtumbwi ulipoburutwa pwani umefudikizwa. Alijipiga kifua, kilemba kikamdondoka, wakamshika mikono asijiumize. Alilia mpaka sauti ikamkauka, na bado wakamwambia lia, mama, lia umalize.

Walitandaza kanga. Kila mtu akaweka alichokuwa nacho: sarafu, noti iliyokunjwa ndogondogo, sukari ya karatasi, kopo la dagaa, kipande cha sabuni. Watu wa daraja la tatu, ambao asubuhi walikuwa wakigombea pembe ya kuegemea, walikuwa wakimchangia mwanamke aliyekuja kutembea. Yunisi aliona, akataka kuwazuia, akakosa pumzi. Aibu ilimchoma. Lakini chini ya aibu ile kulikuwa na wepesi ambao hakuutarajia, na wepesi huo ndio uliomtisha zaidi, kwa sababu alijua ameupata kwa kumzika mtoto nyuma ya mgongo wa baba yake.

Adhuhuri maji yalianza kubadilika rangi. Mto Malagarasi ulikuwa ukimwaga tope lake ziwani, na ng'ambo ya tope lile Ilagala ilionekana, vibanda na majukwaa ya kuanikia dagaa. Meli ilipunguza mwendo na kupiga honi. Simu ya Yunisi ikalia ndani ya kikapu, chini ya mihogo.

"Mmefika wapi?" Sauti ya Thobias ilikuwa na haraka. "Nimeambiwa mtasimama Ilagala. Mitumbwi imeshakuja? Umemwona?"

Yunisi aliibana simu sikioni. Mwanvua aliuona uso wake, akainama.

"Ni mzee wako? Baba wa marehemu?"

Yunisi aliinamisha kichwa tu. Mfiwa hapokei simu mwenyewe, wapo watu wa kumpokelea, na Mwanvua aliitwaa simu ile kwa upole wa mtu anayejua wajibu wake. Yunisi alinyoosha mkono kumzuia. Wanawake waliokaa naye, wakidhani anataka kuanguka, waliukamata mkono huo na kuubana vifuani mwao.

"Shikamoo, mzee," Mwanvua alisema. "Poleni sana kwa msiba. Usiwe na wasiwasi na mama, tuko naye hapa melini, tumemshika. Marehemu Nehemia Mungu ampumzishe." Akasikiliza. Akakunja uso, akaishusha simu. "Anauliza wamempata wapi."

Yunisi aliipokea simu kwa mikono miwili.

"Baba Nehemia."

"Wamempata?"

Nje mitumbwi ilikuwa tayari imeanza kuja, vijana wanapiga kelele, mashine zinakohoa. Alijua la kusema. Angesema huyu mama amekosea, hakuna aliyepatikana, na Thobias angefoka, kisha angerudi kwenye kiti chake mlangoni mwaka wa saba, na wa nane, mpaka kiti na mlango vioze pamoja. Alimpenda mtu huyo. Alimhurumia kuliko alivyojihurumia. Alikivuta kinywa kiseme, na kinywa kikagoma, na kila sekunde aliyonyamaza ikawa jibu.

Ndipo alipomsikia analia. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumsikia Thobias akilia, na hakuitambua sauti ile mara moja. Ilikuwa sauti nyembamba ya mtu aliyetua mzigo akagundua kwamba mabega yameshaharibika. Nyuma yake kukasikika sauti nyingine, za watu wakiingia uani, mwanamke akiuliza kuna nini, kisha ukelele mmoja, kisha nyingi. Buzebazeba majirani walikuwa wamepewa ruhusa.

"Mlete," Thobias alisema. "Usimwache huko majini tena. Mlete nyumbani."

"Nakuja, baba Nehemia."

"Naye?"

Simu ilikatika, au Yunisi aliikata. Hata yeye hakuwa na hakika.

"Nashuka hapa," aliwaambia wanawake.

Mwanvua alishangaa, kwani Kasanga ilikuwa bado mwendo wa siku. Lakini mfiwa hahojiwi. Alimfungia kanga yenye michango, akamning'inizia kikapu begani, akatangulia kwenye lango la ubavuni ambapo abiria walikuwa wakisukumana.

"Pisheni!" alipaza sauti. "Mfiwa anashuka! Wa mtoto aliyekufa maji!"

Vijana wa mitumbwi, waliokuwa wakitukanana kugombea abiria, walinyamaza. Huko kwao habari ya aina hiyo haihitaji kurudiwa. Mmoja wao aliusogeza mtumbwi wake mpaka ukagusa meli, akaziondoa kreti za soda katikati, akaufuta ubao kwa shati lake. Mwenzake alivuta wasafiri waliokwisha kuketi, akawabana nyuma na mbele mpaka katikati pote pakawa peupe, urefu wa mtu mzima. Wakamteremsha Yunisi kwa kumshika makwapa. Kisha wakainua macho langoni, mikono wameitanguliza, wakisubiri wateremshiwe na mwili.

Hakuteremka mtu. Meli ilipiga honi tena. Mwanvua alisimama langoni, kiganja mdomoni, akiwa hajui kama ameelewa au hajaelewa. Vijana walitazamana, wakamtazama Yunisi, wakaona haya kuuliza, wakawasha mashine.

Mtumbwi ulipogeuka kuelekea Ilagala mawimbi yaliurusha, na mama mmoja aliyekuwa amebanwa nyuma na mtoto mgongoni akainuka, akashika ukingo, akataka kuja kukaa pale palipokuwa wazi.

Yunisi aliweka mkono juu ya ubao.

"Samahani, mama," alisema. "Hapo pana mtu."