Amri ya Koplo Yudith

Namtanguliza Mola, Mwenye kuzishika nyoyo zisitawanyike; kisha nawapanga watu wa habari hii. Wa kwanza ni Koplo Yudith, muuguzi wa jeshi aliyeacha kambi ili afundishe uuguzi wa afya ya akili mjini Dodoma. Wa pili ni Mwalimu Castory, mkuu wa chuo. Wa tatu ni Bashiri wa Kolo, askari wa zamani wa vita vya Kagera, sasa mgonjwa katika wodi ya afya ya akili wanakojifunzia wanachuo.

Ilikuwa miaka ya serikali kupunguza watumishi. Yudith alikuwa katika majaribio ya kazi. Nyumba ya kambini amekwisha kuirudisha, na wanawe amewapangia chumba mtaa wa Kikuyu, mjini humo. Akikataliwa chuoni, hana pa kurudi. Naye Mwalimu Castory alikuwa amemwonya: "Dada Yudith, hapa hatuamrishi wagonjwa. Nikisikia amri moja ya kijeshi, majaribio yamekwisha."

Asubuhi ya somo lake la kwanza wodini ikafika. Wanafunzi walinong'onezana, Mwalimu Castory alisimama mlangoni. Yudith alitaka kusema, "Tusikilizane." Ulimi ukafuata njia uliyoizoea:

"Mguu sawa!"

Wanafunzi wakaangua kicheko.

"Afande, na saluti tupige?" Fredy, mmoja wao, alichokoza.

Bashiri hakucheka. Aliruka kutoka kitandani akakakamaa: visigino pamoja, kidevu juu, macho ukutani. Uji wake ulimwagika sakafuni, wala hakutazama chini.

"Kaa, baba," alisema Fredy, kicheko kimemwisha.

Hakukaa. Mwalimu Castory akaja, akamshika bega, akamwita "mzee wangu", akamsihi. Bega lilikuwa gumu kama mchi. Jasho likamtiririka Bashiri.

Yudith alijua. Askari aliyesimamishwa mguu sawa hafunguliwi kwa kusihiwa. Humfungua yule yule aliyemfunga. Neno lilikuwa moja, nalo ndilo alilokatazwa. Akamtazama Mwalimu, akawaona akilini wanawe na virago vyao nje ya mlango wa Kikuyu. Kisha akasogea mbele ya Bashiri, macho kwa macho.

"Mguu pande," alisema, si kwa kishindo, bali kama amfunikaye mtoto shuka.

Bashiri alishusha pumzi, na mabega yakashuka nayo.

"Nilidhani mmenisahau lindoni, afande," akasema. Akaketi, akaomba uji mwingine.

Mwalimu akamgeukia Yudith.

"Hiyo ya pili nimeielewa," alisema Mwalimu Castory. "Ile ya kwanza?"

"Ilikuwa hofu, Mwalimu. Yangu mimi, si yake."

"Kesho uanzie hapo kuwafundisha, kwenye hofu ya muuguzi."

"Na majaribio?"

"Yapo. Nami nitakuwa pale pale mlangoni."

Yudith aliinama kufuta uji sakafuni, asijue kesho ulimi utamtii au utamtangulia.

Ewe Mola, waliobaki wodini uwape utulivu. Na wanaowauguza uwape ndimi zisizofunga zisichoweza kukifungua. Amin.