Mume Mwenza wa Angani

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, na kwa uzito wote unaostahili jambo la namna hii, naitangazia Kariakoo nzima, kuanzia Mtaa wa Sikukuu hadi Msimbazi, kwamba ndoa yangu ya miaka kumi imevunjwa na shirika la ndege. Mke wangu niliyempenda tangu nikiwa darasa la kwanza amechukuliwa na mwanamume mwingine huko juu mawinguni, mchana kweupe, mbele ya abiria zaidi ya sabini.

Mke mwenyewe ana miaka sabini na mbili, amebakiwa na meno kumi na moja, na ndiye aliyemzaa baba yangu.

Nifafanue kwa wale ambao hawakubahatika kuwa na bibi wa Pwani. Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake. Ni ndoa ya utani, lakini ina haki zake zote. Bibi Kijakazi aliniita mume wangu mbele ya wageni, akanidai mahari kila Idi, nikamlipa kwa pipi za kijiti. Andazi la kwanza kutoka kwenye karai lilikuwa langu. Siku ya kurudi shuleni alilia kwa mzaha mpaka mlangoni, halafu nikishapiga kona akalia kweli. Niliambiwa na majirani.

Mimi naitwa Twaha, niko kidato cha tatu, kwenye shule ya bweni mkoani ambayo sitaitaja jina kwa sababu bado nahitaji cheti chake. Nilipofika nyumbani kwa likizo ya Juni, tranka langu begani, mke wangu alikuwa na siku mbili tu tangu arudi kutoka Mwanza. Shangazi Badria alikuwa amejifungua pacha huko, akamkatia mama yake tiketi ya ndege, kwenda na kurudi, maana goti la Bibi lisingevumilia kukaa kwenye basi siku nzima. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege.

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akanitazama kama mtu anayetafuta mahali alipoweka miwani, akaniambia nikae chini anisimulie habari za Hafidhi.

Niliangalia karai. Lilikuwa limeoshwa na kufunikwa.

Huyo Hafidhi alikuwa mhudumu wa ndani ya ndege. Kwa maelezo ya Bibi, alimpokea juu ya ngazi kwa mikono miwili. Alipoona anavyokunja uso kwa goti, akamhamishia kiti cha mbele kabisa chenye nafasi ya kunyoosha mguu, akapiga goti sakafuni na suruali yake iliyopigwa pasi, akamfunga mkanda. Kisha akafanya jambo ambalo Bibi alilisimulia kila mara kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri ya dawa. Alimwambia mapema kila mlio utakaotokea. Bibi, sasa utasikia kishindo chini ya miguu yako, ni magurudumu yanaingia tumboni mwa ndege. Bibi, sasa masikio yataziba, meza mate. Bibi, sasa itatikisika kidogo kama gari likipita matuta, nami nitakuwa nimesimama hapa hapa. Na kila mlio ulikuja kama alivyousema, na yeye alikuwa amesimama hapo hapo. Bibi alisema hakupata nafasi ya kuogopa.

Akampa juisi ya embe mara mbili. Mara ya pili hakuombwa.

Yote hayo ningeyavumilia. Lakini wiki mbili baadaye, safari ya kurudi, ndani ya ndege alikuwa yule yule. Alipomwona tu, kabla hata hajaonyeshwa tiketi, akauliza: "Shikamoo Bibi Kijakazi, goti limeamkaje?"

Mimi nimekaa na lile goti tangu nizaliwe, sijawahi kuliulizia.

Kuna jambo moja zaidi, na ndilo lililobeba uzito wa mambo yote. Bibi, kama kawaida yake, alimuuliza kama ameoa. Hafidhi akacheka, akasema kwanza aajiriwe sawasawa, kwani yuko kwenye miezi ya majaribio, na mwisho wa Juni ofisi itaamua abaki au aondoke. Maoni ya abiria yanaangaliwa sana. Bibi akamwahidi kwamba kwa upande wake asiwe na wasiwasi, yeye atasema.

Safari ya Mwanza kwa ndege haizidi vipindi viwili vya hesabu na mapumziko ya chai. Kwa muda huo tu ndoa ya miaka kumi ikawa majivu.

Baraza letu likageuka ofisi ya kumsifu Hafidhi. Aliyekuja kununua, aliyekuja kusalimia, aliyekuja kuuliza njia ya kwenda Mtaa wa Kongo, wote walihudumiwa na habari zile. Mama Hyasinta, aliyepanga fremu ya duka mbele ya nyumba yetu na anayeuza zipu na vifungo, alikuwa amezikariri kiasi kwamba Bibi akiruka kipande, yeye anamkumbusha. Alifurahia zaidi kuniangalia mimi.

"Twaha, naona umeletewa mwenzako," aliniambia. "Mmeshapangiana zamu?"

Nilimjibu kwamba mimi si mtu wa kushindana na wauza juisi.

Nilishindana. Siku iliyofuata nilivaa shati jeupe la shule na tai, nikajifunga kitambaa cha sahani mkononi, nikasimama mlangoni mwa chumba cha Bibi. Nikamtangazia kwamba muda si mrefu atasikia mlio wa kikombe, asishtuke. Nikapiga goti na sinia. Sijui ilikuwaje, tai ilitumbukia kwenye chai, nikashtuka mimi, na chai yote ikaishia kwenye kanga yake mpya ya Mwanza.

Bibi aliitazama kanga, akanitazama mimi.

"Hafidhi alinimiminia ndege inarukaruka, hakudondosha hata tone," alisema. "Wewe sakafu imetulia."

Nilikwenda kukaa uani karibu na ndoo. Kule shuleni najulikana kama mtu aliyewahi kumfungia mwalimu wa zamu ndani ya stoo ya mahindi kwa muda wa somo zima bila kugundulika, na mtu mwenye historia hiyo hakubali kushindwa na kijana wa tai. Nilikaa nikiubuni uso wa Hafidhi. Nilimpa mabega mapana, meno meupe, na manukato. Nilimchukia vizuri sana.

Jumatatu, simu ya Bibi ikalia ujumbe. Shirika lilimshukuru kwa kusafiri nalo na kumwomba atoe maoni yake kuhusu huduma na starehe aliyoipata, na likaweka sehemu ya kuandika. Bibi ana simu kubwa aliyonunuliwa na Shangazi Badria, lakini yeye husoma maandishi ya Kiarabu tu, haya mengine ni kazi yangu. Tangu nikiwa darasa la tatu mimi ndiye karani wake. Nimemwandikia barua za serikali ya mtaa, pole za misiba, na vitisho kwa wapangaji.

Akaniketisha karibu yake, mahali pangu pa zamani, akaanza kusema polepole ili nisikose neno. Alisema hajawahi kutunzwa na mtu baki namna ile. Alieleza kiti, mkanda, milio, juisi. Akasema yule mtoto apewe kazi yake, na wakimkosa watamtafuta.

Mimi nikaandika kinyume chake.

Tatizo lilikuwa kwamba sijawahi kupanda ndege. Ili ulalamikie huduma sharti uwe umehudumiwa mahali, na mahali pekee nilipowahi kuhudumiwa ni bwenini. Nikachota huko. Vidole vilikimbia vyenyewe, kwa sababu malalamiko hayo nilikuwa nayo tayari tangu kidato cha kwanza, yalikosa tu mahali pa kupelekwa.

Nilipomaliza, Bibi akaniomba nimsomee. Nikakodolea macho kioo cha simu na kumrudishia maneno yake yote, moja baada ya jingine, kwa sauti nzuri ya mtu wa kusoma risala. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Mwisho akagusa ukingo wa simu kwa kidole.

"Waambie na goti langu linamshukuru," alisema.

"Nimeandika, Bibi," nikasema, nikabonyeza kutuma.

Usiku huo alinipa pilipili ya juu kabisa kwenye mchuzi, ile ninayoipenda, akaniita mume wangu kwa mara ya kwanza tangu nirudi. Sikuweza kuila.

Zikapita siku tisa. Nilijipa moyo kwamba maoni ya abiria husomwa na kompyuta, na kompyuta haina kinyongo. Siku ya kumi, Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, wageni wawili walitokea kwa miguu kati ya mikokoteni, gari lao likiwa limeshindwa kuingia mtaani. Mmoja alikuwa dada mwenye miwani na faili mkononi. Akajitambulisha kwa Bibi kuwa anaitwa Stella, anatoka ofisi ya wateja ya shirika la ndege, kule Posta. Nyuma yake alisimama kijana mwembamba mwenye chunusi shingoni, viatu vyake vimeshonwa upya pembeni, ameshika mfuko wa korosho kwa mikono miwili.

"Shikamoo Bibi," alisema yule kijana. "Goti linaendeleaje?"

Huyo ndiye alikuwa Hafidhi. Mabega niliyompa hakuwa nayo. Angekuwa shuleni kwetu, angekuwa kiranja wa usafi, na tungemwonea.

Bibi alimkumbatia mpaka mfuko wa korosho ukalia. Akaagiza nilete viti. Mama Hyasinta akafunga fremu yake saa moja kabla ya muda na kuja kuketi bila kualikwa. Mimi nilileta viti viwili na kuanza kurudi ndani kinyumenyume, lakini Bibi akapiga-piga nafasi iliyokuwa ubavuni pake, nikakaa.

Dada Stella alizungumza kwa adabu sana. Alisema wamepokea malalamiko mazito yenye jina la Bibi, na kwa kuwa ni mtu mzima, waliona si vizuri kumjibu kwa simu. Alisema pia kwamba uamuzi juu ya Hafidhi unafungwa kesho saa sita, na kwa yaliyoandikwa hapa hawezi kubaki. Hafidhi mwenyewe ndiye aliyeomba aje.

"Bibi, mimi sikumbuki kukukosea," Hafidhi alisema, macho chini. "Lakini kama ulikwazika, basi nilikukosea bila kujua. Nimekuja uniwie radhi. Hata kama kazi haipo."

Bibi akageuza uso kwa Dada Stella, mgumu kama jiwe la kusagia, akamwomba asome.

Dada Stella akafungua faili, akavaa miwani vizuri, akaanza kusoma. Kwamba abiria waliamshwa kwa kengele saa kumi na moja alfajiri; hapo akaongeza mwenyewe kwamba tiketi inaonyesha ndege iliondoka saa nne. Kwamba walipangishwa foleni, kila mtu na sahani yake, na waliochelewa wakakuta ukoko. Kwamba maharage yalikuwa na wadudu wanaoelea. Kwamba mhudumu Hafidhi aliwaamuru wapige deki ukumbi mzima kabla ya kutua. Kwamba kulikuwa na ndoo moja ya kuogea kwa watu ishirini.

Alisita, akavua miwani. "Bibi, nisamehe kuuliza. Ulioga ndani ya ndege?"

Mama Hyasinta alijifunika mdomo kwa upande wa kanga. Hafidhi alikuwa anamtazama Bibi kwa huruma, nadhani akidhani umri umemfikia. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba hata sasa alikuwa anamwonea huruma.

Bibi hakucheka wala hakukasirika. Alinyoosha mkono, akaichukua ile karatasi kutoka kwa Dada Stella na kuiweka mapajani mwangu.

"Endelea wewe, mume wangu," alisema. "Siku ile ulinisomea vizuri sana."

Nikaangalia karatasi. Mstari uliofuata ulisema: Naomba mambo haya yarekebishwe kabla shule hazijafunguliwa. Nilifungua kinywa nisome, sauti ya risala ikakataa kuja. Ikaja nyingine, nyembamba, ya mtoto wa darasa la kwanza.

"Bibi, niliandika mimi," nikasema. "Uliyoniambia sikuyaandika hata moja. Nilikusomea kutoka kichwani. Huyu hajakosea kitu, Dada Stella, kesho saa sita uwaambie hivyo, andika jina langu ni Twaha. Mimi nilikuwa na wivu. Alikuulizia goti, Bibi, nami sikuwahi kukuulizia."

Muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe, akaona nyuso zetu, akaacha kugonganisha. Dada Stella alikuwa amenyoosha mkono kuichukua karatasi yake, na nikaona kidole chake kinaelekea kugeuza upande wa pili, ambao hakuwa ameusoma bado.

"Na lile la kunguni," nikaongeza, "nalo ni la bwenini."