Herufi Mbili Chini ya Ua

Winifred Brindley aliingia makumbusho ya Ludlow amefura. Alifundisha Kilatini maisha yake yote, na kustaafu hakukumpunguzia ulimi makali. Alikwenda moja kwa moja kwenye picha tatu za baba wa babu yake, Erasmus Brindley, mtaalamu wa mimea wa enzi za Malkia Victoria, akanyoosha kidole kwenye kibao cha maelezo.

"Bwana Craddock! Nani kaandika upuuzi huu? Eti ua hili la pichani alilipa jina lake mwenyewe?"

Craddock, msimamizi wa picha, hakuwahi kumpenda mtu wa ukoo huo. "Linaitwa brindleyi, mwalimu. Naye ni Brindley. Kipi kigumu hapo?"

"Mtaalamu wa mimea hajipi ua! Wenzake wangemcheka mpaka kaburini. Kwani macho huna? Soma pale kwenye picha ya kwanza, chini ya ua."

Craddock alivaa miwani, akainama. Brindleyae.

"A na E," alisema Winifred, kwa sauti ile iliyokuwa ikiwaliza watoto wa watu. "Kwa Kilatini, huyo ni Brindley wa kike; wa kiume huishia na I. Mwanafunzi wangu mjinga kuliko wote angeliona. Alimpa mkewe. Bandua kibao hicho, kisha uniombe radhi."

"Alimwoa lini?"

"Mwaka elfu moja mia nane sitini na nane."

"Picha hiyo ni ya sitini na moja." Craddock alianza kutabasamu, na Winifred hakulipenda tabasamu lile hata chembe. "Dada hakuwa naye. Brindley wa kike aliyekuwapo ni Letitia, mke wa kaka yake. Ndiye aliyezichora hizi zote."

"Labda alimpa marehemu mama yake!"

"Labda. Wageni watayatazama macho ya Erasmus, waamue wenyewe."

Winifred aliyatazama. Erasmus kijana, Erasmus mwenye ndevu, Erasmus mzee. Katika zote tatu, macho laini yaliyoganda kwa mchoraji. Tangu utotoni alijivunia macho yale, akidhani ni mapenzi ya mimea. Alimwonea uchungu mama wa babu yake, mke wa Erasmus, aliyeishi nyumba moja na picha hizo.

"Kiache kibao," alisema. "Ua alijipa mwenyewe."

"Na wenzake?"

"Wamcheke!"

Craddock alikuwa ameshatoa bisibisi mfukoni. "Haiwezekani, mwalimu. Kilatini kibovu hakikai ukutani kwangu," alisema, akaanza kufungua skrubu ya kwanza.