Rupia Iliyosuguliwa

Hajji Abdullah aliigonga rupia kwa ukucha, akaisogeza sikioni, akasikiliza. Duka lake la vitu vya kale hapo Mbarara lilijaa redio za mbao, vyetezo na saa zilizokufa, na katikati yake alisimama Vénant, kofia mkononi, kama mshtakiwa.

"Keti, ssebo. Rupia haina miguu."

"Nitakaa ukishasema, Hajji."

Hakuwa na kiburi. Hofu ndiyo iliyomsimamisha. Kule Juru, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mkewe Pulchérie alikuwa ameketi juu ya godoro lililofungwa kamba, simu mkononi, akingoja neno moja. Gad wa Masha alikuwa anakodisha shamba lenye migomba na maji karibu, naye alishasema: jua likizama leo bila kodi, nampa mwingine. Kipande walichomegewa Juru kilikuwa mawe matupu. Maharage yaliyotoka hayakurudisha hata mbegu. Mgao wa chakula nao ulipunguzwa, ukapunguzwa tena, na kila mara wakaambiwa wavumilie na watu walioshiba. Rupia hii ndiyo ilikuwa mlango. Hawakuwa na mwingine.

Wala haikuwa ya kuokota. Babu wa babu yake alikamatwa na Wadachi, Wajerumani wa enzi zile, kule Burundi, akatwikwa sanduku la risasi kichwani mpaka Tabora, yeye na ndugu yake. Ndugu alibaki njiani, wala hakuna aliyesimamisha msafara amzike. Huyu mmoja alirudi na kipande cha fedha chenye mfalme wa Kidachi aliyevaa kofia yenye tai utosini. Ujira wa watu wawili huo. Waliotwika waliandika vitabu. Waliotwikwa waliitia rupia kwenye kibuyu, wakakumbuka.

Hajji akaiweka kwenye mizani ya sonara. Akaisogezea sumaku, sumaku haikushtuka. Akapapasa ukingo kwa kidole gumba.

"Uzito ni wake, mlio ni wake. Hii ni ya kweli, wallahi. Sarafu ya rupia mbili, ya mwaka 1893. Maisha yangu nimeshika moja tu kama hii, na ile ilikuwa ya kuigiza."

Vénant akakaa.

Ndipo Hajji akabana kioo cha kukuzia jichoni. Akaigeuza upande wa pili, kisha akairudisha wa kwanza.

"Nani ameisugua?"

"Ni mimi."

"Kwa kitu gani?"

"Majivu na ndimu. Na mchanga kidogo, fasi ya pembeni. Ilikuwa nyeusi mingi, Hajji. Ningekuletea vile ingekuwa aibu."

"La haula! Bwana wewe, umeua!"

Watu wa Juru wasingemcheka. Siku ya kuhakikiwa, kabla ya kupanga mstari mbele ya mashine ya alama za vidole, wakulima husugua vidole kwa majivu na ndimu, maana mashine huvikataa vidole vya jembe, na aliyekataliwa na mashine hali mwezi huo. Vénant amewahi kumwona mama mzima, majirani zake wote wapo, akiambiwa kuwa yeye siye. Basi alipojua rupia inakwenda kuhakikiwa, aliifanyia vilevile alivyozoea kujifanyia mwenyewe. Nani alimfundisha vingine?

Hajji akampa kioo. "Tazama shavu la mfalme."

Shavu lilikuwa limejaa mikwaruzo, kama ardhi iliyokwanguliwa na kuku.

"Ule weusi ndio uliokuwa shahidi. Mnunuzi hanunui fedha, ananunua ngozi ya miaka. Wewe umemchuna ng'ombe, halafu unaniletea mnadani kama yuko mzima."

"Lakini umesema ni ya kweli!"

"Nimesema, na sikatai. Ila mimi nimeisikia kwa sikio. Mtu wangu wa Kampala anaangalia picha."

Akapiga picha, akaituma. Chai ya Hajji haijapoa, sauti ikarudi kwenye simu, yenye kicheko: "Hajji, hii imetengenezwa juzi! Mwambie huyo mkimbizi wako aache ujanja."

Vénant akainuka. "Ujanja? Mutu alikufa juu ya hiyo!"

"Najua."

"Basi muambie!"

"Nimwambie nini? Hanunui ninachojua mimi."

"Kuna dawa ya kurudisha weusi?"

"Yai la kuchemsha. Ifunge nalo likiwa la moto, alasiri itakuwa nyeusi kama sufuria ya msiba. Lakini mayai wanayajua, na mikwaruzo haiponi kama kidonda." Hajji akashusha sauti. "Naweza kukupa bei ya fedha ya kuyeyusha. Sonara atatoa hereni, bibi harusi mmoja wa Makenke atapendeza."

"Inatosha kodi ya Gad?"

"Haikufikishi hata kwenye mgomba wa kwanza."

"Sisi tukiwa bachafu munasema si sisi," Vénant alisema. "Hii ikiwa safi munasema si yenyewe. Mutu apitie wapi?"

Hajji akaangalia mizani yake. Simu ya Vénant ikalia.

"Tukuje?" Pulchérie aliuliza.

"Hapana."

"Ni ya uongo?"

"Ni ya kweli."

"Sasa?"

"Niliisugua. Na ndimu."

"Weye! Ile ndimu nilikupa ya chai!" Akavuta pumzi. "Mariette wa jirani nimeisha mupa nyumba. Ameingiza kuku yake yote."

"Mwambie atoe kuku. Tunarudi."

"Mimi sikutoka, Vénant," alisema. "Nirudi wapi?"

Akakata simu.