Vidole Vilivyotangulia

Wifi yake alimfunika mikono kwa taulo la jikoni, akalivuta mpaka kibodi nzima ikapotea, kama mtu anayefunika chakula kisiingie nzi.

"Andika sasa," akasema. "Ukichungulia, tunaanza upya."

Akaandika. Alikusudia "mimi", kwenye skrini ikatokea "nini". Wifi akacheka. Yeye hakucheka. Mahakamani, herufi moja inatosha kumfunga mtu.

Alikuwa karani wa mahakama tangu enzi za kalamu, na hati yake ilisifiwa na mahakimu ambao sasa wamestaafu. Kisha kalamu zikawekwa kando, ushahidi ukawa unaandikwa kwenye kompyuta papo hapo, maneno yakiwa bado ya moto kinywani mwa shahidi. Yeye aliandika kwa vidole viwili, kichwa chini, akisaka kila herufi kama aliyedondosha sindano, na wenzake wakampachika jina la Mama Kudonoa. Hakimu hakuwa mtu wa kukemea. Kila karani alipoachwa nyuma na shahidi, hakimu alivua miwani akaifuta polepole, na kule kufuta kulimchoma kuliko tusi. Hatimaye alimwita ofisini, akamweleza kwa upole kwamba mahakama ikirudi kutoka mapumzikoni itasikiliza kesi ya shimo lililoua mtoto. Kama kasi haijaongezeka, atahamishiwa masjala, kwenye majalada na vumbi.

Ndipo alipomwendea wifi yake, mpiga chapa wa kampuni ya bima. Kila jioni alitua vidole vya shahada juu ya vijinundu viwili vya kibodi, kwenye herufi F na J, akavituma vingine huku na huko, vikirudi mikono mitupu. Haraka ilimnyima baraka, na ngojangoja ikamuumiza tumbo. Kasi ilipanda, ikaporomoka, ikapanda tena. Mumewe alilalamika kwamba usingizini anamgonga mgongoni, na hata hajui anaandikiwa nini.

"Vidole vina akili yao," wifi alimwambia. "Wewe ndiye unayeviingilia."

Siku ya kesi mikono ya karani ilikuwa ya baridi. Akaikalia ili ipate joto. Kizimbani alisimama mnyapara wa ujenzi, aliyeshtakiwa kwa kuacha shimo la msingi bila uzio hadi likajaa maji ya mvua. Shahidi wa kwanza alikuwa mama wa mtoto aliyefia humo.

Mwanzoni karani alipumua kwa kuiba, akingoja vidole vimsaliti. Havikumsaliti. Maneno yalikuja, vikayapokea. Na kwa kuwa macho hayakuwa tena na kazi kwenye kibodi, yalitafuta pa kutua, yakatua usoni mwa yule mama. Hapo akaingiwa na hofu nyingine asiyoizoea. Miaka yote ile alikuwa ameandika vilio vya watu bila kumwona anayelia.

Wakili wa mshtakiwa akauliza mtoto alikuwa na nani saa ile. Mama aliinamisha kichwa. Kisha midomo yake ikacheza, sauti ikatoka kama pumzi ya mgonjwa.

"Sikusikia," akasema hakimu. "Kuna aliyesikia?"

Wakili alitikisa kichwa. Mwendesha mashtaka aliinamia karatasi zake. Karani, aliyekaa karibu na shahidi kuliko wote, akatazama skrini. Vidole vilikuwa vimekwisha kuandika: *Ni mimi. Nilimwambia akacheze nje, nipumzike kidogo.*

Kitufe cha kufutia kilikuwa kwenye ncha ya kidole chake cha mwisho. Sasa angeweza kukifikia hata akiwa amefumba macho. Mnyapara angeyashika maneno yale kama mfa maji. Na mama huyu, akiulizwa tena, angeweza kujibu vingine, na nani angemlaumu?

"Bi Karani?"

"Nimeandika, Mheshimiwa."

"Isome."

Akasoma. Sauti yake mwenyewe ilimtisha. Hakimu akamgeukia shahidi, akamuuliza kama ndivyo alivyosema. Yule mama aliinua kichwa.

"Ndivyo nilivyosema."

Wakati wa mapumziko hakimu alipita mezani kwake akamwambia kwamba kasi yake inatosha, masjala wamtafute mtu mwingine. Alishukuru kwa heshima, akaingoja furaha, isije. Alipotoka ukumbini alimkuta yule mama kwenye bomba la maji, bilauri mkononi, hanywi.

"Ulinisikia vipi, dada? Mimi mwenyewe sikujisikia."

"Nilikuwa nakutazama."

Mama aliigeuza bilauri mkononi.

"Tangu tumzike," akasema, "watu wanaongea nami wakiangalia ukuta."

Karani alitaka kumwomba radhi, asijue aombe radhi ya kusikia au ya kuandika. Wakasimama bega kwa bega, maji yakidondoka, mpaka mlinzi wa mlango alipoita.

Shahidi aliyefuata alikuwa baba wa mtoto. Asubuhi yote alikuwa amengojeshwa katika chumba cha mashahidi, na lililosemwa ukumbini hakulijua. Aliingia akijifunga vizuri vifungo vya koti, akaapa, akaulizwa aeleze siku ile ilivyoanza nyumbani kwake.

Karani akavituliza vidole. Kisha akainua uso, akamtazama.