Somo la Ubaoni

"Siri ukinipa mimi umeizika, na kaburi lenyewe nalisahau," nilimwambia wakili, mkono kifuani, kama mtu anayegombea ubunge.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, muosha chupa mkuu katika maabara ya shangazi. Mkuu kwa sababu nilikuwa peke yangu. Shangazi alifuga bakteria wanaolinda mbegu za maharage zisioze. Hataza yake ya kwanza, ile haki inayozuia wengine wasikuige, ilibakiza mwaka mmoja, na kampuni kubwa zilikuwa zikiinyemelea kama fisi anayesubiri mkono wa mtu udondoke. Lakini baada ya miaka sita ya kujaribu na kushindwa, alikuwa amegundua namna ya kuwakausha bakteria bila kuwaua. Hataza mpya ingetuokoa, kwa sharti moja: siri isitoke nje kabla ya maombi kupelekwa.

"Kwa hiyo hakuna aliyeisema popote?" wakili aliuliza.

"Labda ukuta," nikajibu.

Mlango ukafunguliwa. Binti wa shangazi, wa kidato cha pili, alikuwa amefuata ufunguo wa nyumba.

"Kaka! Mwalimu wa baiolojia anakusifu huyo! Mchoro wako wote tumeunakili."

"Mchoro gani?" Shangazi akauliza polepole.

Jana yake nilialikwa katika shule niliyosoma, niwatie moyo wadogo zangu. Makofi yakanikolea. Nikashika chaki.

Daftari la binti likafunguliwa mezani. Shangazi alisoma, kidole kikifuata mishale ya mchoro. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nimemliza, nikajua.

"Digrii mia mbili?" Kumbe anacheka. "Mwanangu, umewakausha au umewakaanga?"

"Si ile mashine inafuka moshi, Shangazi?"

"Ile ni baridi inayofuka! Mimi nawakausha kwa kuwagandisha!"

Wakili akaupitia ukurasa mara mbili. "Atakayefuata somo hili atavuna majivu. Siri bado ni yenu. Tupeleke maombi leo leo."

Shangazi akatia saini. Saini hiyo mpaka leo inatulisha watu kumi na wanne.

Mimi nikapumua, kifua kikaanza kurudi mahali pake. "Unaona, Shangazi? Niliwapotosha makusudi."

Binti akafunga daftari lake. "Makusudi? Mbona ulimwahidi mwalimu kwamba Ijumaa unarudi na mashine yenyewe, tuione ikifanya kazi?"