Tairi Jepesi la Mbele

Chishimba aliliinua tairi jipya kwa vidole viwili, akalibonyeza ubavuni, ubavu ukakunjika. Akalirudisha juu ya mkeka polepole, kama mgeni anayerudisha sahani ya chakula kilichochacha na hataki kumwaibisha mpishi.

"Hii ni pine ao ni ganda ya ndizi?" akauliza.

Germaine, binti yake, alicheka mpaka akashika ukuta. Guelord hakucheka. Yeye ndiye kocha wa Germaine katika klabu ya baiskeli za milimani, na ndiye aliyehangaika kulitafuta tairi lile mpaka likafika kwenye ua huu wa mtaa wa Katuba. Si jambo dogo mtu kutukaniwa mzigo wake mbele ya macho yake.

Lakini mzee tumwelewe. Chishimba alitumia ujana wake wote kuleta makala, yaani mkaa, mjini kwa baiskeli, magunia yamepangwa nyuma mpaka yamempita kichwa, akisukuma penye mlima na kuomba Mungu penye mteremko. Barabara ile ilimla magoti yote mawili, ikamwachia imani moja tu: tairi liwe zito, na upepo uwe mwingi. Tairi jepesi kwake lilikuwa mzaha wa watu wasiobeba kitu.

"Mama, minakuomba," alisema. Germaine alikuwa na jina la bibi yake, kwa hiyo baba alimwita mama tangu siku ya ubatizo, na mtu akishazoea kumwita mtoto wake mama, kumgombeza kunakuwa kazi ngumu. "Ubakishe ile ya zamani. Iko nzito, lakini inayua kazi."

"Papa, ile ya zamani njo ilinivunja mukono."

"Ni weye uliangukaka."

"Niliangukaka juu ya nini? Kule katikati, fasi njia inalala, ile pine ilikuwa inanivuta nyuma sawa minakokota gunia. Bantu banapita, minabaangalia. Njo nikakimbilia wakati yenye nilipoteza, nikafika pa kona ya mwisho na mbio ya bure. Ningekuwa na pine nyepesi, singekimbia vile."

Chishimba aliutazama mkono wa kulia wa binti yake. Chini ya ngozi, kati ya kiwiko na kiganja, kulikuwa na kipande cha chuma ambacho daktari alikitia mwaka uliopita. Daktari yule alisema wazi, tena mbele ya baba: ukivunjika tena pale penye chuma, mkono huu hautanyooka. Na mkono huu ndio uliokuwa ukiongoza kitambaa kwenye cherehani, na kutoka kwenye cherehani ndiko ugali wa nyumba nzima ulikotoka tangu magoti ya mzee yalipokataa kazi. Chishimba hakuogopa Germaine kushindwa. Aliuogopa mteremko kwa sababu ya mkono ule tu.

"Nyuma tunabakisha ile nzito, papa," Guelord alijaribu kumtuliza. "Nyuma njo kunapigana na majiwe. Nyepesi tunatia mbele tu."

"Mbele! Kwenye muntu anashikilia usukani!" Chishimba aliinuka, magoti yakalia. "Bon. Mufanye yenye munataka. Miye siko tena muntu wa kuulizwa."

Akatoka kwenda kwa jirani, amenuna. Ukisusa, wenzio wala. Kwa kususa kwake hakusikia lile ambalo Guelord alimwambia Germaine mara tu baada ya lango kufungwa, na ambalo lilikuwa na maana kuliko uzito wote waliobishania.

"Lakini unisikie muzuri. Hii nyepesi haipendi upepo mingi. Tutaiacha teketeke, ikumbatie majiwe. Ukiipompa sana, itaruka-ruka, na mu kona itakukimbia."

"Nimesikia," alisema Germaine.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, pikapu ya klabu iliwapandisha kilimani kwenye mashindano ya kuteremka, kando ya barabara ya Kasenga. Germaine mwenyewe ndiye aliyemshawishi baba yake aje. Alimfuata mpaka kitandani, akamshika mkono, akamwambia kwamba yeye baba hajawahi kumwona bintiye akishuka, na itakuwaje mtu aliyeshuka milima yote ya makala asione mteremko wa binti yake. Chishimba alivaa koti lake la ndoa. Njiani alikuwa na furaha, na furaha ile ilimtia haya kidogo, maana alikuwa bado amenuna.

Huko juu waliteremsha baiskeli, wakaziegemeza kwenye mawe. Guelord alishuka mapema kwa miguu mpaka kwenye kona ya mwisho, akawasubiri wanafunzi wake kule. Germaine akaenda kuchukua namba yake na kuvaa kofia ngumu. Mzee akabaki peke yake na baiskeli.

Mkono wa mtu aliyeishi na baiskeli haukai kimya. Ulikwenda wenyewe kwenye tairi la mbele, kidole gumba kikabonyeza. Kikazama.

Limetoboka! Alijua tu. Alilisema tangu ule ubavu ulipokunjika, hakuna aliyemsikiliza, na sasa mtoto anakwenda kujitupa mlimani na tairi linalovuja. Akatazama huku na huku amwone Guelord, hayupo. Pompe kubwa ya klabu ilikuwa imeegemea pikapu. Akaikokota, akapiga goti lile lenye nafuu, akaanza kutia upepo. Pompe ilikuwa na kisaa cha kupimia. Hakukiangalia, maana alikuwa na kidole chake. Alipiga mpaka jasho likalowesha kola ya koti, mpaka tairi likawa gumu kabisa, halafu akaongeza kidogo kwa ajili ya Mungu.

Hapa kuna jambo la watu wa makala ambalo wengine hawalijui. Katika kundi alilosafiri nalo Chishimba, kijana alipokuwa akiondoka na mzigo, mkubwa wake ndiye aliyemalizia kumtilia upepo. Ilikuwa baraka yake. Na upepo uliotiwa na mkubwa haukutolewa njiani hata iweje, mpaka umefika. Kuutoa ni sawa na kumwambia, siitaki baraka yako. Germaine alikulia ndani ya desturi ile. Kila asubuhi ya shule baba alimtilia upepo kwenye baiskeli yake ndogo, hata kama tairi halikuhitaji.

Aliporudi na kofia mkononi alimkuta mzee amepiga goti, anahema, ameshika pompe, uso unang'aa.

"Mama, ilikuwa inaisha! Ungekufa! Nimeirekebisha. Ushike."

Germaine alibonyeza tairi. Kidole hakikuzama hata kidogo. Akautazama ule mdomo wa kutilia upepo, kijichuma kidogo tu. Kukibonyeza kwa ukucha, upepo utoke, ni kazi ya pumzi moja. Akamtazama baba yake, ambaye tangu magoti yaharibike hakuna mtu nyumbani aliyemwomba kitu chochote, hata maji.

"Iko ngufu?" akauliza Chishimba.

"Iko ngufu, papa. Aksanti."

"Tu n'as pas peur?"

"Na upepo yako, niogope nini?"

Akamwinua, akampangusa vumbi kwenye goti, akavaa kofia. Aliitwa. Mzee aliona bega la binti yake likipanda na kushuka mara moja, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kunywa dawa chungu, lakini hakujua maana yake. Alipiga ishara ya msalaba. Bendera ikashuka, na Germaine akaenda.

Kutoka juu pale mtu aliona kona ya kwanza tu. Germaine aliipita vizuri, ila gurudumu la mbele lilikuwa likidundadunda kwenye mawe. Chishimba alidhani ndivyo wanavyokwenda. Halafu miti ikamfunika, likabaki vumbi.

Hapo ndipo mzee alipojua kwamba hakuna zaidi la kufanya. Kwenye barabara ya makala, mambo yakiharibika, mtu ana cha kushika: usukani, gunia, kamba, hata jani. Hapa mikono yake ilining'inia tu. Alitembea hatua chache kwenye njia, magoti yakamrudisha. Akaanza Salamu Maria, akaikosea katikati, akaanza upya. Alimwuliza kijana wa bendera amefika wapi, kijana akasema, tungoje simu. Aliogopa sana. Waendesha baiskeli wengine waliacha kuzungumza walipomwona usoni.

Simu ililia. Kijana alisikiliza, akageuka upande mwingine kabla ya kujibu, na kwa kugeuka kule Chishimba alijua.

Walimteremsha kwa pikapu. Germaine alikuwa ameketi kando ya njia, kwenye kona ya mwisho, mgongo kwenye mti. Mkono wa kulia ulikuwa mapajani, umelala vibaya, na msichana wa huduma ya kwanza alikuwa akiufunga kwa kipande cha mbao. Hakuwa akilia. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupauka.

Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yule anayesikia hawajamtungia methali.

Guelord aliinama juu ya baiskeli. Alibonyeza tairi la mbele kwa kidole, akabonyeza tena, akasimama. Hasira ilikuwa imempanda mpaka masikioni.

"Nani alipompa hii?"

Chishimba alimtazama kocha, akatazama tairi, na polepole jambo likamwingia. Akafungua kinywa.

"Ni miye," Germaine aliwahi kusema.

"Weye?"

"Ni miye, kocha. Niliona iko teketeke sana. Nikaogopa."

"Siku ile nilikuambia nini? Nilikuambia nini, Germaine? Itaruka-ruka, itakukimbia! Njo angalia sasa! Mukono ile ile! Unafikiri miye minasema ju ya kufurahisha midomo?" Alimpenda mwanafunzi wake, ndiyo maana alipiga kelele vile. Akamgeukia mzee. "Papa, umuambie weye. Miye hanisikiyake. Pengine weye atakusikia."

Wote walimtazama Chishimba. Germaine naye alimtazama, akatikisa kichwa kidogo tu, kiasi cha baba yake peke yake kuona. Mzee aliona aibu mbele ya watu wale, na aibu kubwa zaidi mbele ya uso ule uliokuwa ukimwombea anyamaze. Ukweli ulikuwa pale mdomoni, maneno mawili tu, na hayakutoka.

"Mama," alisema, akitazama chini, "usikiyake kocha."

"Ndiyo, papa," akajibu Germaine. "Nitasikia."